Msuwaki, mswaki wa dukani au unga wa mkaa? Ulinganisho kwa anayetaka meno yapendeze na fizi zisitoke damu

Binti wa kaka yangu ameposwa, na harusi imebaki wiki saba. Juzi alasiri alikuja kwangu Mji wa Kale, Mombasa, na mfuko wa karatasi, akaumwaga juu ya mkeka: kopo la unga wa mkaa aliloagiza mtandaoni, dawa ya meno iliyoandikwa kwamba inang'arisha kwa siku saba, mswaki mgumu wa dukani, na kitita cha misuwaki ya mti aliyonunua nje ya msikiti. "Shangazi," akaniambia, "siku ya kupambwa nataka nikicheka meno yaonekane. Nianze na kipi?"

Nikamwambia akae kwenye mwanga wa dirisha na afungue mdomo. Meno yenyewe hayakuwa na neno, yalikuwa na rangi ya maziwa yaliyodondokewa na tone la chai. Lakini nilipouvuta mdomo wa chini kwa kidole niliona ukingo wa ufizi umetuna na kuwa mwekundu, na nyuma ya meno ya mbele ya chini kulikuwa na ukoga umeganda kama ile chokaa inayoshika ndani ya birika. Akakiri kwamba akipiga mswaki hapo hutema damu, kwa hivyo siku hizi hapagusi.

Kila kitu nitakacholinganisha hapa nakipima kwa fizi kwanza, weupe baadaye. Jino jeupe lililosimama kwenye ufizi uliovimba halimpendezeshi mtu, na jino lenye manjano kidogo kwenye ufizi uliokaza linapendeza sana. Na tusidanganyane kuhusu rangi ya fizi. Wengi wetu huku tuna fizi zenye weusi wa asili, na weusi huo si uchafu wala ugonjwa. Cha kutazama ni uvimbe, wekundu mpya, damu na harufu.

Damu yenyewe inatoka wapi? Kila siku utando laini wa vijidudu hujijenga pale jino linapokutana na ufizi. Usipoondolewa, ufizi unauchukia na kuvimba, na uliovimba ukiguswa hutoka damu. Ukikaa siku kadhaa, madini ya mate huugandisha ukawa ukoga mgumu, na ndiyo maana hujaa zaidi nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale mate yanapochuruzikia kutoka chini ya ulimi. Kwa hiyo anayeacha kupasugua kwa kuogopa damu anaongeza kilekile kinachomtoa damu. Akipasugua polepole kila siku kwa wiki moja au mbili, mara nyingi damu hukatika. Isipokatika, huenda ukoga umeshaingia chini ya ufizi, na hapo kinahitajika chombo cha daktari.

Msuwaki na mswaki wa dukani

Hapa ndipo maneno ni mengi nyumbani, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Msuwaki wetu hutoka kwenye mti uitwao mswaki, ambao wataalamu wa mimea wanauita Salvadora persica, mti wa sehemu kavu zenye ardhi ya chumvichumvi. Ule ukali unaopanda puani ukiutafuna mpya, mfano wa haradali, si ladha tu. Ni kemikali yenye kuua vijidudu. Ndani yake mna pia silika inayosaidia kusugua, na ule ukali huchochea mate, ambayo ni dawa ya kwanza ya kinywa. Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 lilihimiza utumike mahali ulipo katika desturi. Na kwetu Waislamu ni sunna, kwa hivyo mtu anaweza kuutumia kabla ya kila sala, mara tano kwa siku, bila maji, bila povu, na bila gharama kubwa.

Mama yangu, Mungu amrehemu, hakutumia kitu kingine maisha yake yote. Meno yake sita ya mbele ya juu yalibaki safi mpaka uzeeni. Lakini magego yalikwenda moja baada ya jingine, na kwenye chonge zake ufizi ulikuwa umerudi nyuma mpaka mzizi ukaonekana, wa manjano, mrefu. Nilikuwa nikimtazama kila alfajiri akisugua: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kwa nguvu, palepale mbele. Sasa ninaelewa. Nyuzi za msuwaki zimelala kufuata mti wenyewe, zinatazama mbele kama brashi ya rangi. Nyuzi za mswaki wa dukani zimesimama wima juu ya kichwa chake, zinaingia kirahisi upande wa ndani wa gego la mwisho. Msuwaki nao unaweza kufika huko, ila unataka mkono wenye mazoezi na subira, na wengi wetu hatujafundishwa.

Mswaki wa dukani wa nailoni ulianza kuuzwa mwaka 1938. Kabla ya hapo nywele zake mara nyingi zilikuwa za nguruwe, kwa hiyo ukimsikia mzee akisema miswaki ya zamani ilikuwa haramu, hajatunga. Ya sasa ni plastiki. Tatizo la sasa ni ugumu. Watu wanachagua mgumu wakiamini kukwangua ndiko kusafisha. Mimi nilitumia mgumu karibu miaka kumi na mitano, na leo chonge yangu ya kushoto ina mfereji pale kwenye ufizi, ukucha unaingia. Maji ya barafu yakipita hapo machozi yananilenga. Kilicholika hapo hakirudi. Utando wa vijidudu ni laini, hata kitambaa kinauondoa, kwa hivyo kinachohitajika ni mswaki laini, ulioinamishwa kidogo kuelekea kwenye ufizi, mizunguko midogo, dakika 2, mara 2 kwa siku, na uutupe baada ya miezi 3 au nywele zikianza kutawanyika kabla ya hapo.

Mswaki wa umeme? Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2014 yaliona kwamba baada ya miezi 3 unapunguza utando kwa asilimia 21 zaidi ya ule wa mkono. Kwa mzee mwenye mikono inayotetemeka au vidole vilivyokakamaa, ninaona pesa hiyo haijapotea. Kwa kijana mwenye mkono mzima, mswaki laini wa kawaida unatosha akiutumia vizuri.

Uamuzi wangu ni kwamba hivi viwili visigombanishwe. Mswaki laini wenye dawa ya floridi asubuhi na usiku, hasa usiku, kwa sababu ukilala mate hupungua na kinywa kinabaki bila mlinzi. Msuwaki katikati ya siku, kabla ya sala, baada ya kahawa, ukiwa safarini. Anayetaka msuwaki peke yake namheshimu, ila azingatie haya: aubambue maganda kiasi cha sentimita moja, auloweke kwenye maji safi, atafune mpaka nyuzi zilegee kabisa, asugue kutoka ufizini kwenda kwenye ncha ya jino, jino moja baada ya jingine, nje na ndani, na akate nyuzi zilizotumika ili kesho aanze na mpya. Ule unaokaa mfukoni wiki nzima pamoja na sarafu na funguo si msuwaki tena.

Ramadhani huleta swali lake. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu hapa pwani tunayafuata, kupiga msuwaki baada ya jua kupinduka kwa aliyefunga ni makuruhu, yaani haipendezi ingawa si haramu. Basi piga mswaki vizuri baada ya daku, kabla ya adhana, na tena baada ya futari. Kulala na tende na kaimati kwenye meno ndiko kunakoyaozesha, kufunga hakuna kosa.

Dawa ya floridi, ya mitishamba, na mkaa

Kitu kimoja cha kusoma kwenye dawa ya meno ni kama ina floridi, na kiasi gani. Kwa mtu mzima tafuta kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa kila milioni), nambari inayoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya pakiti. Floridi hulirudishia jino madini linayopoteza kila tunapokula kitamu. Mengine yote yaliyoandikwa mbele kwa rangi kubwa ni ya kuvutia jicho. Ya mitishamba yenye karafuu au mwarobaini haina ubaya, mradi floridi imo. Kama haimo, umenunua harufu nzuri. Na ukishapiga mswaki, tema povu, usisukutue kwa maji mengi, maana utaiosha dawa kabla haijafanya kazi.

Kwa mtoto chini ya miaka 3, kiasi cha punje ya mchele. Kati ya miaka 3 na 6, kiasi cha punje ya mbaazi, naye afundishwe kutema.

Wapo wanaoiogopa floridi kwa sababu wameona meno ya kahawia ya jamaa waliokulia Nakuru au Naivasha. Wameona kweli, ila wamekosea chanzo. Maji ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, sehemu nyingine kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani limeweka kuwa mpaka. Mtoto akiyanywa wakati meno yake yanaumbika ndani ya ufizi, yanatoka na madoa. Mtu mzima anayepaka dawa na kuitema hapati madoa hayo, kwa sababu meno yake yameshaumbika. Na maji yetu ya visima yenye chumvi yasichanganywe na habari hii. Chumvi ni kitu kingine na floridi ni kitu kingine.

Sasa lile kopo la mkaa. Mkaa unaondoa madoa ya juu, sikatai, kama mchanga unavyong'arisha sufuria. Lakini sufuria ikisuguliwa kwa mchanga miaka mingi inakonda, na jino pia. Gamba la nje la jino likishalika halioti tena, na chini yake kuna tabaka la manjano, kwa hiyo anayeutumia mkaa kutafuta weupe anaweza kuishia na meno ya manjano zaidi. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba bidhaa za mkaa ni salama au kwamba zinafanya zinachodai. Nyingi hazina floridi. Na chembe zake hujificha chini ya ukingo wa ufizi, zikaacha mstari wa kijivu ambao siku ya harusi hakuna wanja wala rangi ya mdomo itakayoufunika.

Kama ni weupe: kusafishwa, kupaushwa, au ndimu ya jikoni

Kwanza jiulize madoa yako yako wapi. Ya kahawa chungu, chai ya rangi, sigara, tambuu na miraa hukaa juu ya jino, na mara nyingi kukwanguliwa ukoga na daktari kunatosha kuyaondoa. Yaliyo ndani ya jino ni kisa kingine: ya maji yenye floridi, ya jino lililokufa baada ya kugongwa, au ya tetrasaiklini, dawa ya antibayotiki, iliyopewa mtoto kabla meno hayajamaliza kuumbika. Hayo hayasuguliki kwa kitu chochote.

Nimesikia mara nyingi barazani kwamba daktari akikukwangua ukoga, meno yanalegea na kuacha mianya. Jirani yangu alikataa kwa sababu hiyo miaka na miaka. Kinachotokea ni kwamba ukoga ulikuwa umejaza mianya na ufizi uliovimba umeifunika. Ukoga ukitoka na uvimbe ukishuka, mianya inaonekana, na jino lililokuwa likishikiliwa na ukoga linatikisika. Mfupa ulikuwa umeshaliwa zamani. Kusafisha kumezuia usiendelee kuliwa. Hili ningependa kila mtu alijue, maana hofu hii imewang'oa watu meno mengi.

Kupaushwa ni kung'arishwa meno kwa dawa ya peroksaidi. Kwa daktari, kwenye kiti, inatumika kali, na matokeo yanaonekana siku ileile. Njia ya nyumbani ambayo daktari hukupimia kifuniko cha plastiki kinacholingana na meno yako hutumia nyepesi kwa wiki mbili au zaidi, na kwa mwenye nafasi ndiyo ninayoipenda, kwa sababu unaweza kusimama meno yakianza kufa ganzi. Ganzi hiyo huisha baada ya siku chache. Yote mawili hayabadilishi rangi ya jino la bandia wala la kuzibwa, kwa hiyo mwenye jino la bandia mbele amwambie daktari mapema, asije akawa na meno ya rangi mbili. Siku 2 za kwanza baada ya kupaushwa, kahawa, chai, manjano na biriani la zafarani vingoje.

Ndimu na magadi ya kupikia ni za bure, na ni ghali kuliko zote. Sisi wenyewe tunasema ndimu hutia meno ganzi. Lugha ilishaliona jambo: ganzi ile ni asidi ikilila gamba la jino. Asidi ya ndimu inalilainisha, kisha unachukua unga na kulisugua likiwa laini. Hata baada ya kula embe bichi na pilipili, au kunywa maji ya ukwaju, ngoja nusu saa ndipo upige mswaki.

Na tahadhari ya anayekupaka. Siku hizi wapo wanaopausha meno palepale wanapotengeneza nywele na kucha. Daktari wa meno nchini Kenya husajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, na leseni yake hufanywa upya. Kuomba kuiona si utovu wa adabu.

Uzi, kijiti, maji ya chumvi

Kijiti cha kuchokolea baada ya mishkaki kinatoa nyama, hakitoi utando, na kikisukumwa kila siku mahali pamoja hufanya tundu kwenye ufizi. Uzi wa meno, au vibrashi vidogo kwa wenye mianya mipana, husafisha ubavu wa jino ambao hakuna mswaki unaoufikia. Mara moja kwa siku, usiku. Maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chumvi yanatuliza ufizi uliovimba na hayana madhara. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini ina nguvu kweli, lakini ikitumika muda mrefu huacha madoa ya kahawia, kwa hiyo iwe kwa wiki mbili hivi na kwa agizo.

Jino likiuma

Karafuu inatuliza, kwa sababu mafuta yake yanatia ganzi. Itumie upate usingizi, kisha asubuhi nenda. Usiweke tembe ya aspirini juu ya ufizi, inauunguza, nimeona kidonda chake cheupe. Tundu dogo huzibwa kwa ziara moja, kubwa hutaka kutibiwa mzizi, na lililoachwa sana hung'olewa. Ningeziba kila kinachozibika. Pengo la gego linayaacha meno ya jirani yakiinama, na kujaza pengo baadaye ni gharama kubwa zaidi. Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha meno, kwa asiyeweza gharama za kliniki za watu binafsi. Taya likivimba, homa ikapanda, au kumeza kukawa kugumu, usisubiri asubuhi.

Kuna vitu nisivyoweza kuvilinganisha kwa sababu havina upande mzuri. Popoo iliyo ndani ya tambuu, hata bila tumbaku, iliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2004, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Najua ilivyo kwenye shughuli zetu, sinia inapita na hakuna anayekataa. Mimi sasa nakataa. Muguka na miraa hukausha mate, kisha mtu anatafuna upande mmoja saa nyingi akiteremshia soda na chingamu tamu. Sukari, kinywa kikavu, na saa sita mfululizo. Mabuyu ya rangi nayo yana sukari ya kunyonywa polepole, na heri mtoto ayale yote kwa mara moja baada ya chakula kuliko kutembea nayo shavuni mchana kutwa.

Wenye kisukari wawe macho zaidi. Sukari ikipanda fizi huharibika, na fizi zilizoharibika zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Wajawazito pia fizi zao huvimba kirahisi, na kumwona daktari wa meno wakati wa mimba kunaruhusiwa.

Binti yetu tulimpangia hivi. Wiki ya kwanza, mswaki laini, floridi, uzi, na maji ya chumvi. Wiki ya pili akwanguliwe ukoga. Wiki mbili fizi zitulie. Akiona bado anataka weupe zaidi apaushwe wiki ya tano, abakiwe na nafasi ya ganzi kuisha kabla ya siku ya kupambwa. Aliondoka na kitita chake cha misuwaki na dawa ya meno, baada ya kugeuza pakiti na kukuta ina 1450 ppm. Mkaa na mswaki mgumu viliachwa juu ya mkeka.

Siku ya kumi alinitumia picha. Ilikuwa sinki lake, asubuhi, kabla hajafungulia maji: povu jeupe tupu.